Jokofu la Bwana Asiamah

Kumasi, 3 Mei 1993

Mjomba wangu mpendwa,

Kabla ya yote nakuomba: barua hii isome peke yako, hata mkeo Bi. Adwoa asiisikie. Ukimaliza, ichome.

Shikamoo, mjomba. Goti linaendeleaje? Mimi mzima wa mwili.

Nimeitwa mahakamani kutoa ushahidi Alhamisi tarehe 20. Kwenye daftari la ardhi pale ofisini nimekuta Mzee Baffour ametia saini kuuza shamba la ukoo, ilhali tulimzika miezi minne kabla ya tarehe ile. Mkuu wangu, Bwana Asiamah, hakunifokea. Amenipa jokofu. "Binti, chumba chako kina joto. Kunywa maji baridi."

Jiko ni la wapangaji wote, kwa hiyo jokofu limekaa kando ya kitanda changu. Linanguruma, linanyamaza, kisha linabubujika kama tumbo la mgonjwa. Mara nyingine linalia ka! kama mfupa unavunjika. Fundi wa Bwana Asiamah huja kila Jumatatu kulisafisha nyuma, bure. Wewe ni fundi wa majokofu, unazijua kazi hizi. Ni kawaida?

Mpwa wako,
Pokuaa

Takoradi, 7 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linatabiri mvua kuliko redio.

Ngurumo ni mota. Bubujiko ni gesi inayopita kwenye mabomba. Ka! ni plastiki inayojikunja kwa baridi. Hata mke wangu akiamka asubuhi viungo vyake hulia zaidi ya hapo, na sijawahi kumpeleka kwa fundi.

Ila jokofu zima halihitaji fundi kila wiki. Lichomoe waya asubuhi, acha mlango wazi mpaka barafu iishe. Hapo linatakiwa liwe kimya kama sanduku. Nijibu upesi.

Mjomba wako,
Ofosu

Takoradi, 15 Mei

Pokuaa, mpwa wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Dereva wa basi anaapa alikupa barua mkononi.

Juzi mtu mmoja wa shati safi alikuja kibandani kwangu, akauliza kama nina mpwa Kumasi. Nikamwambia ninao wapwa kumi na mmoja, achague. Hakucheka.

Mjomba wako

18 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe, niliogopa kulichomoa hadi juzi Jumapili. Ngurumo ilikoma, bubujiko likakoma, barafu ikadondoka mpaka saa sita mchana. Kimya. Nikasema, "Kumbe nilikuogopa bure."

Tik.

Laini, huku nyuma. Nikanyamaza; baada ya muda, tik tena. Nikaimba wimbo wa kanisani, likaitika: Tik. Sauti hiyo sikukuandikia kwa sababu haikunitisha. Nimelala nayo tangu siku ya kwanza.

Nikakumbuka: niliposoma utani wako kuhusu Bi. Adwoa nilicheka, nikasema kwa sauti, "Mjomba Ofosu wa Takoradi, una maneno!" Nilikuwa peke yangu chumbani. Kesho yake ilikuwa Jumatatu, siku ya fundi, na siku tatu baadaye mtu wa shati safi akawa kibandani kwako.

Sikugusa kitu. Nilirudisha waya, kisha nikaliambia jokofu, polepole, kwamba naumwa, siendi mahakamani, nakuja kwako. Jana fundi alikuja akaondoka.

Kwa hiyo watu wa Bwana Asiamah watakuja kwako. Wape viti, wape maji, waambie niko njiani. Mimi siko njiani. Nakala ya ule ukurasa wa daftari nimeishona ndani ya pindo la gauni.

Chumbani kwangu usiandike tena. Baada ya Alhamisi, andika jina la marehemu mama juu ya bahasha, mpe dereva amkabidhi Maame Frempomaa, anayeuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, mbele ya mahakama. Akiipokea, itanifikia. Akikataa kuipokea, dereva asimuulize kitu. Arudi nayo kwako.

Mpwa wako