Kwa Popatlal Hupimwa Bure

Sikonge, 4 Februari 2024

Dada Bhumika,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila miguu ya mama. Mzee Popatlal na kifua chake anaendeleaje?

Amplifaya yangu imezimika tena. Jioni wenzangu wanasukana, mimi nalehemu waya. Ndiyo starehe yangu. Nimempa konda wa basi transista iliyoungua, mzee aitambue ni namba gani. Safari hii nitaagiza kwa simu, usininunie. Huko mtandaoni zinauzwa kumi kwa bei ya mbili za dukani kwenu.

Mdogo wako,
Koleta

Tabora, 9 Februari

Mdogo wangu Koleta,

Marahaba. Mpe mama pole. Baba anakohoa, lakini saa mbili duka liko wazi, hamsikii mtu. Transista yako ameifuta masizi kwa ncha ya shati akaisoma. Namba iko nyuma ya karatasi hii.

Agiza upendako, biashara haigombi. Ila duka haliishi kwa kusoma namba bure, na rahisi ni ghali.

Dada yako,
Bhumika

Sikonge, 17 Machi

Dada,

Shikamoo, na poleni kwa joto. Mzigo umefika. Nimefunga tatu, zote zimetoa moshi. Nakutumia saba zilizobaki, mzee azipime.

Mdogo wako,
Koleta

Tabora, 21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nzima ni moja. Sita ni bandia: baba amezikwangua kwa wembe, chini kuna namba nyingine. Nimekuwekea mbili za kwetu, usilipe. Baba anataka Pasaka usikie muziki.

Dada yako,
Bhumika

Sikonge, 16 Juni

Dada mpenzi,

Shikamoo. Mzee hajambo? Zile mbili zinaimba mpaka leo.

Nina habari njema. Wenzangu wa kikundi cha redio, Ambrosi wa Isikizya, Levina wa Kigwa na wengine, nimewaambia waagize kwa simu bila hofu, kisha wapitie kwenu. Nimewaambia kwa Popatlal hupimwa bure. Mtajaza wateja.

Mdogo wako,
Koleta

Tabora, 8 Agosti

Koleta,

Wamekuja. Ambrosi alileta mfuko mzima. Levina alipiga picha vipuri vya makabatini mwetu akaviulizie bei huko anakonunua kwa simu. Wiki saba baba amepima vitu vya watu, tena amesimama wima, na hakuna aliyenunua hata rezista. Ningewafukuza, akanikataza: ni watu wa Koleta. Jumanne alianguka kwenye kaunta. Sasa amelazwa.

Nimeumia, nakuambia wazi. Wageni wangetufanyia hivi ningenyamaza. Wewe ulikula kwetu.

Bhumika

Sikonge, 12 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimelia. Sikuwaza, nisamehe. Mzee anaendeleaje? Kuanzia leo nanunua kwenu tu, bei yoyote. Nifungie transista kumi na kapasita ishirini.

Mdogo wako,
Koleta

Sikonge, 15 Septemba

Dada,

Shikamoo. Hujanijibu, simu hupokei. Konda anasema duka limepakwa rangi mpya, sikumwelewa. Nijibu hata kwa matusi.

Nimeagiza kwa simu, mara hii tu. Ningefanyaje, nawe umenyamaza?

Mdogo wako,
Koleta

Ujumbe wa simu, 3 Oktoba

Mteja Koleta, mzigo wako umefika Tabora. Uchukulie katika lililokuwa duka la marehemu Popatlal, sasa ofisi ya vifurushi. Njoo na kitambulisho. Ukikuta kasoro, mpigie aliyekuuzia.

Bhumika, wakala