Mguu Ukitua Mchangani

Lodwar, Alhamisi

Deng amekosea kusema programu yake ni bora kuliko yangu, ingawa asubuhi nilikuwa upande wake.

Programu zetu zote mbili zinatengeneza kinanda ndani ya kompyuta kwa kuunganisha visanduku kwa waya kwenye skrini, bila kuandika msimbo. Ya Deng, mwenzangu wa muziki kule Kakuma, ina rangi na ngoma zimo tayari. Yangu ni ya bure. Inafunguka ukurasa mweupe, kila mlio ujenge mwenyewe. Alinitumia wimbo aliomaliza kwa dakika kumi. Nilimwonea wivu, sisemi uongo.

Mchana nikamsikilizisha shangazi Akiru wimbo huo, tuutumie Jumamosi. Yeye ndiye ataongoza edonga, dansi yetu Waturkana ya kuruka, na asipotaka hakuna atakayeruka.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Hii ngoma ni ya nani?"

"Ni ya kusindikiza tu, shangazi."

"Sisi tunapiga ngoma lini? Ngoma yetu ni miguu."

Nimeruka edonga tangu utotoni na sikukumbuka. Aibu.

Nikarudi kwenye ukurasa wangu mweupe. Kisanduku cha mvumo kama wa upepo, cha kuuchuja, kingine cha kuukata haraka. Masaa mawili kupata mguu mmoja ukitua mchangani. Nikaongeza wa pili, uchelewe kidogo, maana watu hawatui pamoja.

Nina wasiwasi na laptop, inapata moto sana. Na programu sina wasiwasi tena.

Jioni nilimrudia shangazi. Nikamwekea milio ya miguu asikilize. Aliweka kikombe cha chai chini, akavua ndara.