Kimya cha Bibi Kilicholiwa na Programu

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumatano, 14 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako limepoa? Na baridi ya huko, mmezoeana? Sisi wazima. Bibi ana kikohozi kidogo. Mimi tangu nimalize shule namsaidia Kaka na podikasti yake.

Shangazi, nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nisamehe mwandiko.

Tunachagua programu ya kuhariri sauti. Hizi za sasa zinageuza maneno kuwa maandishi kwenye kompyuta. Ukifuta sentensi, na sauti yake inakatika. Tumejaribu mbili. Moja inakata ulichofuta tu. Ya pili, anayoing'ang'ania Kaka, inaondoa yenyewe kila "mmh" na kila kimya.

Akaijaribu kwa rekodi ya Bibi, pale anaposimulia enzi zake za ukunga. Unajua akifika kwa yule mtoto aliyezaliwa bila kulia, hunyamaza. Husikii kitu ila pumzi zake. Ndipo husema, "Akalia." Sasa programu imekila kimya chote! Mtoto anazaliwa, analia, basi, kama kengele ya mlango.

Nikamwambia Kaka amekata jambo lenyewe. Akacheka. "We Bubu, leo umepata mdomo? Hiyo ni hewa tupu, wasikilizaji watakimbia."

Bibi alipoisikiliza aliuliza, "Huyu mwanamke ana haraka ya kwenda wapi?" Akavua hedifoni, akaenda kujilaza. Tangu hapo hataki kurekodi tena.

Na Kaka hajali! Jumamosi anataka kupitisha rekodi zote za Bibi humo, kisha afute zile halisi ili apate nafasi. Kinasa sauti chenye hizo halisi nimekificha kwenye sanduku langu la nguo. Ananuna, nami nanuna.

Mimi hanisikilizi, lakini wewe anakuogopa. Mpigie kabla ya Jumamosi. Bibi aliniambia yule mtoto ni nani, akanikataza kumwambia Kaka. Wewe hakukukataza, na wewe ulikuwepo, ulishika taulo. Mwambie mtoto yule ni yeye. Mwambie mlingoja kiasi gani.

Wasalimie wanao, Kibonge na mdogo wake. Bibi na Mama wanakusalimu sana. Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata nikiwa nimefura,
Bubu