Koti la Mwalimu

Nkubu, Jumanne jioni

Sikutaka Mutwiri anioshe. Lakini mke wake hawezi kumwosha baba mkwe, na mikono yangu haishiki tena hata sabuni, kwa hiyo mwanangu alifunga duka lake Makutano akaja.

Aliponivua koti niliona aibu. Nililivaa miaka yote ya ualimu, hata kwenye jua kali la Januari, na watu wakasema ni heshima. Lilikuwa la kuficha jasho la kwapani na harufu yake. Marehemu mke wangu tu ndiye aliyejua.

Leo nilimwambia, maana sina siku nyingi.

Alicheka kidogo, akainua mkono. Shati lake lilikuwa limelowa hadi mbavuni.

"Baba, angalia. Mimi huweka shati tatu kwa duka, nabadilisha mchana. Na kuna dawa ya kupaka usiku, ngozi ikiwa kavu. Inasaidia."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la nane. Nilidhani ni mimi peke yangu hapa nyumbani. Nikikuona na hiyo koti kwa jua, nilikuwa nasema, mzee hatoki jasho."

Mtoto alikuwa anateseka chumba cha pili, nami nafua mashati yangu kwa siri.

Alinikausha polepole, akanipaka dawa yake. Alipochukua koti anivishe, nilikataa. Nimemwambia hata siku ya kunizika, shati linatosha.