Wakili wa Baba

Selma, California
28 Januari

Kwa Bibi mpendwa,

Sat sri akal. Natumaini magoti yako yametulia na ukungu umepungua huko kijijini. Sisi hapa tu hai sote, na nimelitanguliza neno hilo ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Juzi lori la Baba lilishindwa kusimama kwenye mteremko wa Tehachapi. Alikuwa amebeba lozi. Breki zilishika moto, akapiga honi mpaka chini, lakini aligonga gari dogo la mwanamke anayeitwa Bi. Quintana. Yule mama yuko hospitalini, nyonga imevunjika. Madaktari wanasema atapona. Baba amevunjika mkono. Halali usiku. Hushinda jikoni bila kilemba, jambo ambalo sijawahi kuliona mchana.

Jana alikuja Ami Tarlochan, mwenye malori, na matunda, na wakili. "Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu," alimwambia Baba. "Wakili wangu ni wakili wako. Weka sahihi hapa, mengine tuachie sisi." Karatasi inasema Baba alikagua breki asubuhi ile akaziona nzima. Baba alijibu kwamba mkono unamuuma, atasaini ukitulia. Bibi, uliovunjika ni wa kushoto.

Tulipoigiza mahakama darasani, mwalimu wetu alitufundisha kwamba wakili mmoja hawezi kuwatetea watu wawili ambao huenda wakalaumiana. Naomba umwambie Baba atafute wakili wake mwenyewe. Wewe anakusikia.

Mjukuu wako,
Avneet


Kijijini
30 Januari

Kwa mjukuu wangu Avneet,

Salamu na baraka. Picha ya barua yako imefika katika simu, nimeisoma, nimekwenda gurudwara kumshukuru Mungu kwa uhai wa mwanangu na kumwombea yule mama. Magoti usiyaulize. Mwandiko wako umenyooka, nimefurahi. Haikuwa bure kukufundisha.

Sasa nisikilize, we mtoto. Tarlochan ndiye aliyempokea baba yako uwanja wa ndege. Baba yako alilala kwake mpaka mama yako alipofika. Na mama yake Tarlochan, Bachint, tunaishi naye ukuta mmoja. Kuna tofali tulilitoa tulipokuwa maharusi, na mpaka leo bakuli hupita katika tundu lile: mboga ya haradali inakwenda, mtindi unarudi. Jana alikuja akaketi kitandani kwangu. "Mwambie mwanao asaini, dada," alisema. "Watoto wetu wasije wakavuana nguo mbele ya wageni." Ningemjibu nini? Mambo ya mawakili waachie wakubwa. Wewe soma.

Lakini niambie jambo moja. Baba yako amesema alikuwa na nani kwenye maegesho asubuhi ile, kabla hajaondoka?

Bibi yako


Selma
4 Februari

Kwa Bibi mpendwa,

Sat sri akal. Unakula vizuri? Mama anakusalimu sana. Baba anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Hajasema alikuwa na nani. Naomba radhi, Bibi, kwa sababu sikuwaachia wakubwa. Nilimshawishi Mama tukaenda kwa wakili Renata Ocampo, ambaye ofisi yake iko juu ya duka la matairi. Alitukaribisha kahawa, kisha akauliza, "Huyo wakili mwingine analipwa na nani?"

"Na mwenye malori," nikasema.

"Na siku mwenye malori akidai dereva ndiye mzembe, wakili wake atasimama upande gani?"

Wakili alitueleza kwamba Baba akisaini, kosa lote linakuwa lake. Leseni itakwenda, na huenda na yeye mwenyewe akafungwa. Akimwajiri, siku hiyo hiyo ataandika barua ya kuzuia lori lisiguswe, maana kwa sasa limo katika gereji ya kampuni yenyewe, na breki mbovu hubadilishwa haraka sana zikiwa zinatafutwa. Mwisho akauliza kama kuna mtu aliyewasikia Baba na mwenye malori wakizungumza juu ya breki.

Nyumbani Baba alipaza sauti. "Mmeniendea kwa wakili nimgeuke mtu aliyenilisha? Kesho nani atanipa usukani?"

"Kwani jela wana usukani?" Mama akamjibu, na unga wa chapati bado mikononi.

Ndipo nikamuuliza swali la mwisho la wakili. Baba akatoka, akaingia garini, akakaa humo bila kuliwasha.

Ami Tarlochan atakuja Jumapili, watu wakitoka gurudwara, kuchukua sahihi. Tafadhali jibu upesi.

Mjukuu wako,
Avneet


Selma
7 Februari

Kwa Bibi mpendwa,

Hujajibu. Naomba isiwe ni ugonjwa.

Jana nilimsikia Baba akimwambia Mama, "Mama yangu alikuwa kwenye simu." Mama akasema, basi shahidi tunaye. Baba akasema, "Bora nifungwe kuliko kumgombanisha mama yangu na ukuta wake. Nani atampelekea maji akiumwa, mimi niliye huku?"

Sikuombi kitu, Bibi. Nimeona tu si haki wewe usijue kwamba kesho atasaini kwa ajili yako.

Mjukuu wako,
Avneet


Kijijini
8 Februari

Kwa mjukuu wangu Avneet,

Si mgonjwa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na la kusema.

Siku ile, alfajiri kwenu, jioni kwetu, baba yako alinipigia kama anavyonipigia kila siku kabla ya kuondoa lori. Tukiwa tunaongea nikamsikia akimwambia mtu, "Kaka, breki za tela zinanuka, nilisema tangu juzi." Ikajibu sauti niliyoijua tangu inalilia titi: "Peleka mzigo kwanza. Ukirudi tutaziangalia." Baba yako akaniambia, "Haya Mama, naondoka." Nami nikamwambia, nenda salama. Neno hilo haliniachi nilale.

Jana nilimwita Bachint ukutani nikamwambia nilichosikia.

"Umezeeka," akasema. "Na simu zenyewe zinakwaruza."

"Masikio haya ndiyo yaliyomsikia mwanao akikoroma na koo limevimba, wewe ukiwa shambani. Siku ile hukuyaita mazee."

"Utaapa dhidi ya Tarlochan?"

"Nitaapa juu ya nilichosikia. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Alikwenda zake, na bakuli langu liko kwake.

Mpe wakili wenu namba yangu. Kisha msomee baba yako maneno haya kwa sauti, Tarlochan akiwa amekaa hapo hapo:

Sukhdarshan, mwanangu, mimi si chungu cha kufichwa mvunguni kisivunjike. Usisaini. Chukua wakili wako. Na yule mama aliyelazwa ana haki ya kujua ni nini kilichomgonga.

Bibi yako


Selma
8 Februari

Kwa Bibi mpendwa,

Nimesoma. Ami Tarlochan alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini bila kuonja. "Hata Bibi?" akauliza. Baba alichukua ile kalamu iliyokuwa juu ya karatasi, nikaogopa. Akairudisha katika mfuko wa shati la Ami, taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati. "Kaka," akasema, "ulikuwepo. Sema ukweli tu, nami nitasema wangu." Ami aliondoka bila kuaga.

Kisha Baba akaenda chumbani, akafunga kilemba chake, akaniomba namba ya Bi. Ocampo. Barua ya kuzuia lori inatoka kesho asubuhi. Atakupigia Jumanne, pamoja na mkalimani. Vaa shali nyeupe.

Bakuli limerudi?

Mjukuu wako,
Avneet


Kijijini
11 Februari

Kwa mjukuu wangu Avneet,

Wakili amepiga. Nilivaa shali, ingawa hakuniona. Mkalimani wake anaongea kama mtangazaji wa redio, lakini tulielewana, na niliapa bila kukwama. Anasema wamelikuta lori halijaguswa. Magoti yanauma leo.

Bakuli nimelikuta alfajiri katika tundu la ukuta. Lilikuwa tupu. Tangu tulipokuwa maharusi halijawahi kurudi tupu. Lakini limeoshwa, Avneet, limesuguliwa kwa majivu mpaka linang'aa, kama anavyolisugua siku zote.

Nimelijaza mboga ya haradali, nimelirudisha pale pale.

Bibi yako