Tano kwa Tano kwa Mhadhara Ambao Hakuna Aliyeusikia

Jumamosi, Julai, Kileleshwa. Manyunyu tangu asubuhi na baridi ya kuvaa jozi mbili za soksi. Nimekaa kitandani na kompyuta mapajani, nikiwachukia wenzangu mmoja mmoja, kwa majina.

Nina kinyaa. Sina neno la adabu zaidi ya hilo.

Mimi ni aktuari. Tunapiga hesabu za bima na pensheni, tunakadiria watu wataishi miaka mingapi na nini kitawapata kabla hakijawapata. Tuna chama chetu, nami ni katibu wa mafunzo, kazi ya kujitolea ambayo kila mtu alinipongeza kwa kuikubali, kisha akaacha kupokea simu zangu. Kila mwanachama anatakiwa kukusanya pointi za mafunzo kila mwaka ili abaki na hadhi yake. Basi watu huingia kwenye mihadhara yetu ya mtandaoni kama wanaoenda kuchanjwa. Wanazima kamera, wanaacha jina lao kwenye skrini, wanaendelea na maisha. Mmoja yuko gym. Mwingine yuko Kilimani anachagua viatu.

Alhamisi jioni mhadhiri wetu alikuwa Auntie Rekha. Ana miaka sabini na kitu, alistaafu zamani, na anaishi barabara ya pili kutoka kwangu. Nilimbembeleza miezi mitatu. Alikataa, akakubali, akakataa tena. Mwishowe alisema atakuja, lakini atazungumzia jambo moja tu: kosa alilolifanya akiwa kijana kazini, ambalo hajawahi kumwambia mtu, hata marehemu mumewe.

"Hii mimi siandiki," aliniambia. "Nikiandika nitaogopa. Nitasema tu."

Leo nimefungua rekodi ili niikatekate niiweke kwenye tovuti ya chama. Dakika ya tisa, Auntie anapoanza tu, sauti inapotea.

Imepotea kwa sababu yangu. Kuna mtu blenda yake ilikuwa ikinguruma, nikakasirika, nikabonyeza kitufe cha kuzima maikrofoni za wote. Wote, pamoja na Auntie. Kisha nikaenda kupiga pasi. Ndiyo, katibu wa mafunzo alikuwa chumba cha pili anapiga pasi blauzi ya Ijumaa.

Auntie Rekha alizungumza dakika arobaini, midomo inacheza, mikono inapanda na kushuka, bila neno hata moja kutufikia. Watu zaidi ya sitini walikuwa ndani. Watu wanaolipwa kugundua kwamba kuna kitu hakiko sawa! Hakuna aliyeandika kwamba hasikii.

Halafu nikafungua tena fomu za maoni. Bila kujaza fomu hupati cheti, kwa hiyo wamejaza wote. Kuna swali kuhusu ubora wa sauti. Tano kwa tano. Tano kwa tano. Tano kwa tano. Chini yake, sifa: "Very insightful." "Mama ametufungua macho." "Nimejifunza mengi sana."

Hiyo ya mwisho ni yangu.

Nimeitazama rekodi yote, bubu hivyo hivyo. Nilijaribu kusoma midomo yake, nikashindwa. Dakika ya thelathini na moja anavua miwani, anafuta macho kwa ncha ya mtandio, anapumua, anaendelea. Dakika hiyo hiyo mtu ameandika pembeni: "Certificates zinatumwa lini?"

Nikasimamisha video, nikaenda kunawa uso.

Mwisho wa mhadhara naonekana nimerudi, nimejaa tabasamu. Auntie amemaliza, anaitazama kamera, anangoja maswali. Hakuna anayeinua mkono. Nami, mjanja wa mji, nikasema, "Naona umewaacha bila la kuuliza!" Nikafungua maikrofoni za wote ili tuagane. Akasema, "Asanteni kwa kunivumilia."

Jana asubuhi alinipigia. Hakuwa amelala vizuri.

"Sema ukweli, beta," aliniambia; mwanangu, kwa lugha ya kwao. "Hakuna hata swali moja. Hawa watoto sasa wananichukia?"

Nikamsomea fomu. Nilimsomea zote, kwa sauti ya furaha, mpaka yangu. Akaniambia amebeba kitu hicho tangu kabla mimi sijazaliwa, na sasa amekitua. Alinishukuru. Alinishukuru mimi.

Ndiyo maana naandika hapa, kwa sababu sijui nikiweke wapi kinyaa hiki. Kwa wenzangu kinatosha siku moja. Kilichobaki ni changu.

Nimemwandikia Mutiso, mwenzangu kwenye kamati. Amejibu kabla sijaweka simu chini: "Zii, wacha hiyo story. Auntie ako happy, watu washapata points, nani ataumia?" Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri. Lina mantiki. Mama ana amani. Nikimwambia, namrudishia mzigo wake mlangoni.

Lakini alitaka kusikiwa. Kutua mzigo kulikuja baadaye.

Saa kumi na moja nimefuta pointi zote za Alhamisi, kuanzia zangu, na nimewaandikia wanachama sababu. Simu imeanza kulia. Wanaokasirika sasa hivi wameshafika wengi kuliko waliowahi kuuliza swali kwenye mhadhara wowote. Kumbe wapo.

Kisha nimempigia yeye. Nimemwomba kesho nije nisikie lile jambo.

"Lakini ulisikia, beta."

"Hapana, Auntie. Nilizima maikrofoni yako bila kujua. Hakuna aliyesikia."

Nimesikia saa yake ya ukutani, nimesikia birika jikoni kwake, na mara hii sikwenda popote.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Auntie."

Amekata simu. Kesho saa nane nitabisha mlangoni kwake. Akifungua, nitakaa. Asipofungua, sitakuwa na haki ya kumlaumu.