Nimeipokea Nyumba, Kaka

Mtaa wa Fahadan,
Yazd.
12 Ordibehesht.

Kaka Turaj,

Neno "mpendwa" nimelitafuta tangu asubuhi, sijalipata. Hujambo lakini? Mkeo Annika na watoto wazima? Huku mama hajambo ila magoti, na mimi nina afya ya kutosha kugombana nawe.

Umemwandikia shangazi Mahin kwamba mafunzo ya kujiamini yameniharibu. Si wewe uliyenisukuma niende? Ulisema nimezidi upole, watu wananipanda kichwani. Nikaenda, tena kwa walimu wawili.

Bibi Homayra hutupanga wawili wawili. Mmoja hujifanya bosi, mwenzake humkatalia, akirudia maneno yale yale bila kupandisha sauti. Mdomo unazoea kweli. Lakini jirani yangu pale, aliyemkatalia kila mtu darasani, alipita sokoni akaona haya, akarudi nyumbani na zulia asilolitaka. Bwana Rastegar yeye hakufundishi la kusema. Anakuuliza unaogopa nini, na hilo likitokea, kisha nini? Anakera huyo! Ila ndiye aliyenifaa zaidi, maana kwake niligundua kuwa miaka yote nilichoogopa ni wewe kununa tu.

Ndipo ukapiga simu siku ya Nowruz, mwaka mpya wetu, sote tukisikiliza. Ukasema kwa madaha, "Nyumba ya baba ichukue wewe, Golnar. Mimi sitaki hata tofali."

Desturi yetu unaijua: nikatae, ushikilie, nikatae tena, mwisho nikubembeleze uichukue wewe. Kisha uwauzie wajenzi wa maghorofa, mama akahamie kijichumba cha shangazi. Usidhani sikujua kwamba ulishaongea nao.

Nikajibu, "Asante, kaka. Nimepokea."

Ukacheka, ukaniambia niache mzaha. Nikarudia vile vile, taratibu, kama Bibi Homayra alivyotufunza. Ukakata simu. Mama alitoka uani kumwagilia mkomamanga wake, na nilimwona analia.

Sasa unadai ulisema kwa adabu tu. Nami nilipokea kwa adabu. Mama haondoki hapa, Turaj, na radhi siombi.

Nisalimie Annika na wanao. Mungu akulinde na baridi ya Uswidi, na moyo wako aulainishe kidogo. Kiangazi ukija, nitakubembeleza mlangoni ukae mwezi mzima hapa kwangu. Desturi unaijua: ukatae.

Dada yako, nikupendaye na niliyekuchoka,
Golnar